Nilivyowaona Ndugu Zangu wa Malabar

Mwezi wa Desemba nalisafiri peke yangu hata Kozhikode, mji wa pwani ya Malabar ulioitwa zamani Calicut, kuwatazama watoto wa ami yangu ambao tulikuwa hatujapata kuonana. Wao husema Kimalayalamu, mimi Kiswahili. Siku ya kwanza tulitazamana tu. Walinionyesha msikiti wa Mishkal, wenye orofa za mbao, ambao Wareno waliutia moto mwaka 1510.

Lakini jikoni nalimkuta mke wa ami amekalia mbuzi, akikuna nazi kama mama zetu hasa! Nikaomba nikune. Alicheka hata machozi yakamtoka. Jioni ile kiti cha mgeni kikaondolewa, nami nikaketishwa mkekani pamoja na watoto wa nyumba.