Nchi isiyo na mwenyewe, yenye lugha 250

Kila mwaka tufikapo somo la maneno ya mkopo, hakosi mwanafunzi wa kunisimulia kisa cha kangaruu. Wazungu walipotua Australia, ati, walimwona mnyama wa ajabu arukaye kwa miguu ya nyuma, wakamwuliza mwenyeji jina lake. Mwenyeji, kwa kutoelewa swali, akajibu "kangaruu", yaani "sijui". Darasa huangua kicheko.

Kisa hicho ni uongo. Mwaka 1770 merikebu ya nahodha James Cook ilitobolewa na mwamba, ikatengenezwa kwa majuma saba hivi kwenye mto mmoja kaskazini mwa pwani ya mashariki. Hapo ndipo Cook na mwanasayansi Joseph Banks walipoandika maneno ya wenyeji wasemao Guugu Yimithirr. Mwanaisimu John Haviland alipoichunguza lugha hiyo katika miaka ya 1970, alilikuta neno "gangurru" lingali hai, nalo ni jina la aina moja mahsusi ya mnyama huyo. Mwenyeji alilielewa swali barabara, na jibu lake lilikuwa sahihi.

Mwezi Agosti mwaka uo huo, Cook alipandisha bendera kisiwani, akaitwaa pwani yote ya mashariki kwa jina la Mfalme wa Uingereza. Maagizo aliyopewa mwaka 1768 yalimtaka apate ridhaa ya wenyeji. Hakuiomba, ilhali merikebuni alikuwa na orodha ya maneno yao!

Januari 1788 zikawasili merikebu 11 zenye wafungwa zaidi ya 700. Wageni hao walilitumia neno "kangaruu" mbele ya watu wa Sydney, takriban kilomita 2,000 kusini, wakidhani wenyeji wote ni wamoja. Watu wa Sydney hawakulijua kamwe. Afisa Watkin Tench asimulia kwamba alipomwonyesha mwenyeji aitwaye Colbee ng'ombe waliotoka ng'ambo, Colbee aliuliza kama hao ndio kangaruu. Yeye alidhani neno ni la Kiingereza.

Bara hilo lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Hata hivyo, mwaka 1835 Gavana Bourke alibatilisha mapatano ambayo mlowezi John Batman alidai kuyafanya na wenyeji, kwa hoja kwamba ardhi ni ya Mfalme. Mwaka 1889 majaji wa London wakasema kwamba koloni hilo lilipoanzishwa halikuwa na wakazi wa kudumu wala sheria. Msomaji wa Kenya anayeijua sheria ya ardhi ya 1915, iliyozifanya ardhi za Waafrika kuwa mali ya Mfalme, hatashangaa.

Mahakama Kuu ya Australia iliitupa hoja hiyo mwezi Juni 1992, katika kesi ya Eddie Mabo wa kisiwa cha Mer. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki zaidi ya miezi minne kabla. Na lugha je? Zinazofunzwa watoto tangu utotoni hazifiki hata ishirini.

Sisemi kwamba aliyekibuni kisa cha "sijui" alitumwa na majaji. Lakini, walimu wenzangu, mwanafunzi atakapowaletea kisa hicho, mwulizeni ni nani aliyefaidika kwa kuaminika kwamba mwenyeji hakujua.