Kitako cha Bunduki na Istilahi ya Teke

Msukumo unaomrudia mpigaji begani bunduki inapolia waweza kuitwa teke. Je, kitako kilichoundwa kwa springi au mpira ili kulipoza teke hilo kiitweje? Jibu linalomjia upesi mwanafunzi wa istilahi ni "kizuiateke". Jibu hilo lina kasoro, na kasoro yenyewe haionekani mpaka risasi za uzani mbalimbali zilinganishwe.

Chukua bunduki ya marisau ya geji 12 yenye uzani wa kilo 3.5. Ikirusha marisau ya gramu 28 kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde, yenyewe hurudi nyuma kwa kasi ya mita 2.8 kwa sekunde, na nishati ya teke huwa takriban jouli 14. Marisau yakiwa gramu 56 kwa kasi ile ile, nishati hufikia jouli 55 hivi. Uzani umeongezeka mara mbili, nishati mara nne! Na hapo gesi ya baruti haijahesabiwa, nayo ina mchango wake.

Kitako hakiwezi kuufuta msukumo huo. Hufanya jambo moja tu: huurefusha muda wa kulifikia bega, ili kilichokuwa pigo la ghafla kiwe kama kusukumwa. Lakini springi ina safari fupi. Iliyolegezwa ili ifae risasi nyepesi hubanwa ikafika mwisho inapokutana na risasi nzito, na nishati iliyosalia humwangukia mpigaji kwa kishindo. Iliyokazwa kwa ajili ya risasi nzito nayo haitikisiki kwa risasi nyepesi. Mwenyewe huwa amebeba uzito wa bure, ingawa hata uzito huo hupunguza kasi ya bunduki kurudi nyuma. Kifaa cha mafuta kina nafuu, maadamu ukinzani wake huongezeka kadiri kasi ya kubanwa inavyoongezeka.

Hivyo matumizi ndiyo huamua. Mlengaji wa visahani vya udongo katika Olimpiki hatumii zaidi ya gramu 24 za marisau, ila hupiga risasi nyingi kwa siku. Kinachomchosha ni mrundiko wa mateke madogo. Mwindaji wa bata mzinga nchini Marekani huenda akapiga risasi moja nzito asubuhi nzima. Kitako kimoja, kwa mpangilio mmoja wa springi, hakiwatoshelezi wote wawili. Tena kitako kinachoteleza chini ya shavu huweza kumvuruga mlengaji kuliko teke lenyewe, jambo ambalo wanaolitazama bega pekee hulisahau.

"Kizuiateke", basi, huahidi kisichowezekana. "Kipunguzateke" ni afadhali, ijapokuwa huzungumzia kiasi ilhali kinachobadilishwa hasa ni muda. "Kitulizateke" hukaribia zaidi, kwani kitu hutulizwa hatua kwa hatua, na chenye ghadhabu kubwa hakitulii upesi.