Mng'aro wa Shaba Si Uzima Wake

Alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Butiama, mfugaji afunguaye zizi hupokewa na harufu kali inayochoma pua na kuleta machozi. Hiyo ni harufu ya gesi ya amonia. Mkojo wa ng'ombe una kemikali iitwayo yurea, na bakteria walio katika udongo na samadi huivunja yurea hiyo na kutoa amonia pamoja na kabonidayoksaidi. Kwa mfugaji wa Butiama au Bunda jambo hilo ni la kila siku. Hata hivyo, gesi hiyo hiyo iliwahi kupasua maganda ya risasi yaliyokuwa yamehifadhiwa ghalani, bila ya risasi hizo kupigwa.

Kazi ya ganda

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Fataki inapogongwa huwasha baruti. Baruti huungua upesi na kutoa gesi nyingi zinazosukuma kichwa nje ya mtutu. Wakati huo ganda hutanuka na kuziba nafasi yote iliyolizunguka, ili gesi zisirudi nyuma usoni mwa mpigaji. Kisha hunywea kidogo, na kwa sababu hiyo huweza kutolewa kwa urahisi.

Metali inayofaa sana kwa kazi hiyo ni shaba ya manjano, ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huiita brasi. Ni aloi yenye sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Kiwandani, kipande bapa cha aloi hiyo huvutwa kikiwa baridi mpaka kikawa mfano wa kikombe kirefu. Kuvutwa huko huiongezea metali ugumu, lakini pia huacha ndani yake mkazo usioonekana kwa macho.

Katika nchi kama Marekani, wapigaji shabaha huyakusanya maganda yaliyotumika, wakayasafisha na kuyajaza upya. Hapa Tanzania, mambo ya risasi hutawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, wala si kazi ya nyumbani. Lakini kemia ya usafishaji huo yahusu kila kifaa cha shaba ya manjano.

Kung'arisha kwa asidi na kwa magunzi

Shaba ya manjano hufifia kwa kuwa oksijeni na unyevu wa hewa huifunika kwa utando wa oksidi. Mjini Musoma, ambako upepo wa Ziwa Victoria huleta unyevu, kufuli au kengele iliyoachwa wazi hupoteza mng'aro wake. Maji ya limau au ya ukwaju huuondoa utando huo kwa sababu asidi iliyomo huyeyusha oksidi ya shaba. Lakini kifaa kikiachwa muda mrefu katika asidi kali, zinki hutangulia kuyeyuka, uso ukageuka rangi ya waridi, na metali ikapungua nguvu.

Njia ya pili ni ya kusugua. Maganda hutiwa katika pipa linalozunguka au kutikiswa, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi ni laini kuliko metali, hivyo huondoa uchafu bila kuikwaruza. Mchanga haufai, maana chembe zake ni ngumu kuliko shaba ya manjano.

Fumbo la majira ya mvua

Jeshi la Uingereza nchini India lilikuta kwamba, katika majira ya mvua, maganda ya risasi yaliyowekwa karibu na mabanda ya farasi yalipata nyufa. Kwa sababu hiyo nyufa hizo ziliitwa nyufa za majira. Mwaka 1921 watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walilifumbua fumbo hilo. Mkojo wa farasi ulitoa amonia. Amonia, ikisaidiwa na unyevu na oksijeni, iliishambulia shaba. Na mkazo uliobaki tangu kiwandani uliivuta metali ikapasuka kwenye mipaka ya fuwele zake.

Basi yahitajika mambo matatu kwa pamoja: metali yenye udhaifu huo, mkazo, na mazingira yenye amonia. Likiondolewa moja, ufa hautokei. Ndiyo maana viwanda hupasha maganda joto la kadiri, yapata nyuzi 250 hadi 300 za Sentigredi, ili kuondoa mkazo bila kuilainisha metali yote.

Somo kwa Mara

Nati ya bomba iliyokazwa kupita kiasi ina mkazo pia. Ikiwa karibu na zizi, banda la kuku au choo, yaweza kupasuka hata kama jana ilisuguliwa ikang'aa. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za kung'arishia metali zina amonia. Huupa uso uzuri, na wakati huo huo zaweza kuudhuru mwili wa kifaa chenye mkazo. Mng'aro hutueleza habari za uso tu.

Mwalimu aweza kulithibitisha somo hili darasani kwa kufuli kuukuu mbili za shaba ya manjano. Moja ichovywe katika maji ya limau kwa dakika chache, ioshwe na kukaushwa. Ya pili isuguliwe kwa unga wa magunzi. Wanafunzi waandike tofauti za rangi na mikwaruzo, na waeleze sababu zake.

Maganda ya risasi yasitumiwe kabisa katika jaribio hilo. Fataki nyingi huacha masalio ya risasi, ile metali nzito yenye sumu, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Tena, kinachodhaniwa kuwa ganda tupu huenda kikawa risasi nzima. Mwanafunzi akiokota kitu cha namna hiyo, au akikiona njiani, asikisafishe wala asikigonge. Na akiache pale pale, amwarifu mwalimu au polisi.