Kabla Hujabadili Lenzi

Pale Moshi palikuwa na binti aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akaanza kupiga picha za sherehe kwa kamera aliyonunuliwa na baba yake. Ilikuwa Canon, na mbele yake ilikaa lenzi ambayo wengi wanaoanza huikuta ndani ya boksi, ile ya 18-55. Namba hizo ni milimita. Ukiizungusha hadi 18 unaipata meza kuu nzima, na ukiivuta hadi 55 unapata uso wa mtu mmoja. Kwa hiyo huitwa zumu ya kawaida: hufanya kazi nyingi za kila siku, wala haina makuu.

Jumamosi moja akaalikwa kupiga picha za sendofu. Nyinyi mliokulia Uchagani mnajua, sherehe haijakamilika bila ndafu. Mbuzi mzima aliyechomwa akaletwa ukumbini, majani mabichi mdomoni, wapishi wamembeba huku wanacheza, MC anapaza sauti, taa kubwa zimezimwa zimebaki za rangi. Binti akavuta lenzi hadi 55, akabonyeza. Alipoitazama picha, keki kwenye meza ya pembeni ilionekana safi, hata maua yake ungeweza kuyahesabu. Wapishi hawakuwa na nyuso.

Kesho yake akaenda studio kwa shangazi yake, ambaye amepiga picha za harusi tangu enzi za filamu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Nataka lenzi kama yako. Hii yangu mbovu."

Shangazi hakubisha. Akafungua begi, akaitoa lenzi yake, Canon pia, 17-55, akaiweka mezani kando ya ile ndogo. Binti akashangaa. Milimita ni karibu zile zile! Ya kwake ilikuwa na gramu 200 na ushei, ya shangazi gramu 645. Ukubwa wote ule ni wa nini, kama haivuti mbali zaidi?

Jibu limeandikwa kwenye ukingo wa lenzi, na watu wengi hulipita bila kulisoma. Ya binti iliandikwa 3.5-5.6. Ya shangazi, 2.8. Hapa naomba mtulie kidogo, maana ndipo uamuzi wote ulipo.

Ndani ya lenzi kuna tundu linalopanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho la paka. Namba ile hupatikana kwa kugawanya milimita za lenzi kwa upana wa tundu. Chukua 55 ugawe kwa 5.6, unapata tundu la milimita 10 hivi. Gawa 55 kwa 2.8, unapata milimita 20 hivi. Ndiyo sababu namba ndogo ni tundu kubwa, jambo linalowachanganya hata watu wazima. Na kwa kuwa upana umekuwa mara mbili, eneo la tundu linakuwa mara nne, na mwanga unaopita ni mara nne. Vioo vya kupitisha mwanga huo wote lazima viwe vikubwa, na vioo vikubwa ni vizito na ni ghali.

Hilo halikuanza jana. Zumu ya kwanza iliyotengenezwa kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35 ilitoka mwaka 1959, ikiitwa Zoomar, ya kampuni ya Voigtländer, nayo ilikuwa na 2.8 tangu siku hiyo. Zile ndogo na nyepesi za kuja na kamera zilienea baadaye sana. Canon walianza kuiuza 18-55 pamoja na kamera yao ya EOS 300D mwaka 2003, ili mtu wa kawaida aweze kumudu kamera ya dijitali.

Shangazi akachomeka kadi ya binti kwenye kompyuta. Hakuangalia uzuri wa picha. Aliangalia maelezo ambayo kamera huyaandika yenyewe ndani ya kila picha: milimita ngapi, tundu gani, shata ilifunguka kwa muda gani. Kila kamera ya dijitali huyatunza, nanyi mnaweza kuyaona leo leo.

Picha za mchana nje ya ukumbi zilikuwa kali, kila uzi wa kitenge ukionekana. "Hapa lenzi yangu isingekuzidi kwa lolote la maana," shangazi akasema. "Jua likiwepo, tukiweka zote kwenye 8, mteja hatajua ipi ni ipi." Picha za baba mzazi akitoa nasaha nazo zilikuwa nzuri, ingawa shata ilikaa wazi kwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde.

"Mbona hii haikutikisika, na ya ndafu ikaharibika? Shata ni ile ile."

"Baba alisimama. Wapishi walicheza."

Lenzi ya binti ina kifaa cha kutuliza mtikisiko. Kinatuliza mkono wako wewe unayepiga. Hakiwezi kumtuliza anayecheza! Kumkamata huyo unahitaji shata ya haraka, na shata ya haraka inataka mwanga. Kwa 2.8, ukumbi ule ule ungempa binti sehemu moja ya mia na ishirini hivi ya sekunde. Mchezaji mwenye mbwembwe bado angeponyoka mkono mmoja, lakini uso ungebaki.

Kwa hiyo ugonjwa ulijulikana: ni wachezaji gizani, basi. Dawa je? Mimi ningeanza na zile za bei ndogo. Iko lenzi ya 50 isiyo zumu, yenye 1.8, nyepesi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya lenzi ya shangazi. Ikilinganishwa na 5.6 inapitisha mwanga karibu mara kumi. Tatizo lake ni kwamba haisogei. Ukitaka meza kuu yote, itabidi urudi nyuma mpaka uingie jikoni.

Flashi nayo ni dawa nzuri. Usimwelekezee mtu usoni. Ielekeze juu, mwanga ugonge dari na kurudi umetulia. Ila itazame dari kwanza. Wapambaji wa siku hizi wanafunika kumbi kwa vitambaa, na kikiwa cha zambarau, bibi harusi anarudi wa zambarau.

Shangazi akamkodisha lenzi yake kwa Jumamosi iliyofuata. Kukodi ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, maana ukumbi wenyewe ndio unaokujibu. Na ulimjibu binti. Wachezaji walitoka na nyuso zao. Lakini picha za familia, alizopiga kwa 2.8 kwa furaha ya kuwa na 2.8, zilikuwa na jambo: waliokaa mbele walikuwa kali, waliosimama nyuma wakawa na ukungu. Tundu likipanuka, kina cha sehemu inayotokea kali hupungua. Safu tatu za mashangazi na wajomba zinahitaji tundu dogo, 5.6 au hata 8, na huko lenzi yake ya zamani ilikuwa inafika tangu zamani.

Aliirudisha Jumatatu, bega linamuuma.

"Vipi, unainunua?" shangazi akauliza. "Kumbuka kitu kimoja. Hii ni ya kamera zenye kihisio kidogo, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kama yako. Ukija kununua kamera ya Canon yenye kihisio kikubwa, kama ile 6D, haitaingia. Pia ukiipata iliyotumika, imulike ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi nyuzi za kuvu kwenye vioo, iache hapo hapo dukani."

Binti akafikiri. Sendofu zake hazikuwa nyingi, na kazi zake nyingine, ubatizo, mahafali, picha za paspoti, zilikuwa za mchana au za mtu aliyetulia. Akasema atanunua flashi kwanza. Lenzi ataikodi kila atakapopata kazi ya usiku, na gharama ya kukodi ataiingiza kwenye bei ya mteja. Siku kodi za mwaka zitakapokaribia bei ya lenzi, ataacha kukodi.

"Sawa," shangazi akasema, akafungua daftari. "Na ya Jumamosi hii hujalipa."