Hazina ya Msimbo Inapofutwa

Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru, yaani Kwa Reuben, Kwa Njenga na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mitaa ya aina hiyo, walishiriki kukusanya takwimu za mitaa hiyo yenye kaya zaidi ya 100,000: maji na umeme hupatikana wapi, kodi ya nyumba ni kiasi gani. Takwimu za namna hii ni ngao ya mpangaji asiye na hati ya ardhi, lakini orodha yenye majina ikiangukia mikono mibaya humweka mpangaji huyo huyo hatarini.

Takwimu, pamoja na programu za kuzichambua, siku hizi huweza kuwekwa katika mfumo wa kudhibiti matoleo, ambao huandika kila badiliko, aliyelifanya na wakati wake. Unaotumika zaidi ni Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na mkusanyo wa faili pamoja na historia yake yote huitwa hazina.

Orodha yenye majina ikiingia humo kimakosa, wazo la kwanza huwa ni kuifuta hazina. Kuifuta kwenye kompyuta moja ni kazi nyepesi, kwa kuwa historia hukaa ndani ya folda iliyofichwa iitwayo .git, nayo ikiondolewa hubaki faili za kazi tu. Ugumu upo mtandaoni. GitHub, huduma ya kuhifadhi hazina za Git mtandaoni, humtaka mwenye hazina athibitishe kwa kuandika jina la hazina hiyo kabla ya kuifuta, na hata baada ya hapo hazina nyingi huweza kurudishwa ndani ya siku 90. Ikiwa hazina ilikuwa wazi kwa umma na wengine wamejitengenezea nakala katika akaunti zao, nakala hizo haziguswi, bali mojawapo hushika nafasi ya hazina mama. Ikiwa ilikuwa ya faragha, nakala zilizomo katika akaunti za GitHub hufutwa pamoja nayo, ila zile zilizokwisha kupakuliwa kwenye kompyuta za watu husalia, kwa kawaida zikiwa na historia kamili.

Kuondoa faili moja nako hakutoshi, kwa sababu matoleo ya jana bado yanayo, hivyo historia nzima hulazimika kuandikwa upya na kila mshiriki kuchukua nakala mpya. Kilichovuja kikiwa ni ufunguo wa siri, kama ule unaounganisha duka na M-Pesa kupitia Daraja, kiunganishi chake cha programu, hubatilishwa kwanza, ndipo usafishaji ufuate.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani, lakini ni vigumu mno kuitimiza haki hiyo pale nakala zisipojulikana ziliko. Kwa hiyo majina na namba za vitambulisho vya wakazi havistahili kuingia katika hazina hata mara moja. Programu iwekwe humo, orodha ihifadhiwe kwingine kwa ulinzi, na jina la faili yake liandikwe katika .gitignore, faili inayoiagiza Git ipuuze faili zilizotajwa humo, tangu siku ya kwanza, maana agizo hilo halina nguvu juu ya faili ambayo Git imekwisha kuanza kuifuatilia.