Kukimbia na singeli, utaweza?

Wiki hii tuyaweke kando ya mapenzi, tuongelee pumzi. Siku hizi Dar kila mtu yuko kwenye mazoezi. Ukipita alfajiri ya Jumamosi Coco Beach au pale Daraja la Tanzanite, utawakuta vijana kwa wazee wanatimka, wengi na hedifoni masikioni, vichwa vinatikisika kama wako disko.

Swali langu: mle masikioni kuna nini?

Wengi wanaweka wimbo unaobamba mjini, basi. Hapo ndipo kasheshe inapoanza, maana mguu haujui kipi kinabamba, mguu unafuata mapigo. Shika saa, hesabu mapigo ya wimbo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata kama 120, huo wa kutembea harakaharaka. Wa kukimbia kwa mwendo wa kawaida utafute kwenye 150 na kitu. Sasa singeli yetu ya uswahilini, Manzese na Tandale huko, inapita 200 bila wasiwasi! Kwenye kigodoro, safi kabisa. Lakini mtu anayeshinda kwenye kiti wiki nzima akianza mbio na singeli, dakika tano nyingi utamkuta kashika kiuno anaulizia madafu.

Sisemi muziki hausaidii. Mwaka 1998 Haile Gebrselassie, yule Mwethiopia, alipigiwa wimbo wa "Scatman" kwenye ukumbi wa Birmingham, Uingereza, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani. Na mwaka 2007 wakubwa wa riadha Marekani walipiga marufuku hedifoni kwenye mashindano yao, kisha wakalegeza kwa wale wasiogombea zawadi. Lakini Haile alijua wimbo unaokwenda na miguu yake. Yako na yangu siyo ile, jamani!

Mimi nina ugonjwa wa rumba la Kongo la zamani. Linaanza polepole, watu wanaimba, mwili unapata moto. Likiingia sebene, magitaa yakichanganya, nawe unaongeza gia.

Ila hedifoni haifui dafu kwa mchakamchaka. Si unaukumbuka wa shuleni? Mmoja anaanzisha, wengine mnaitikia. Tuliuona adhabu, kumbe ulikuwa na akili yake: aliyeishiwa pumzi haitikii. Kiitikio kikififia, kiongozi anajua kazidisha, anapunguza mwendo. Wataalamu wa mazoezi nao wana kipimo cha aina hiyohiyo. Kama unaweza kuongea huku unakimbia, uko sawa. Ukishindwa kumaliza hata sentensi moja fupi, moyo unafanya kazi kubwa, na kwa anayeanza hiyo si ya kuipapatikia. Vikundi vya mbio vya mitaani vinavyoimba hadi leo vimekipata kipimo hicho bure.

Halafu hii ya kuziba masikio yote mawili barabarani, washikaji, acheni. Bodaboda wa mji huu anapita upande wowote anaojisikia, hata ule usio wake, na honi ndiyo taarifa pekee utakayopewa. Sikio la upande wa barabara libaki wazi. La pili weka sauti ndogo, kiasi kwamba mtu akiita "we dada!" unageuka.