Utando Mwembamba Unaobeba Trekta

Kulainisha mitambo ya shamba huonekana kuwa kazi ndogo isiyohitaji fikra: oili humiminwa, grisi hupakwa, basi. Hata hivyo beringi za haro hufa katikati ya msimu kwenye mashamba ambayo ndoo ya grisi ipo stoo, na injini huchakaa mapema ilhali oili yake haikupungua. Kumbe kuwa na mafuta ni jambo moja, na mtambo kulainishwa ni jambo jingine. Ili kuiona tofauti hiyo, tuanze na chuma chenyewe.

Uso wa chuma, hata uliosuguliwa mpaka ukang'aa, una vilele na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Nyuso mbili zinapokutana chini ya mzigo hazigusani kila mahali. Hugusana vilele kwa vilele, na uzito wote hulalia ncha hizo chache. Zikianza kuteleza, vilele hugongana, hupata moto, hushikana na kukatika. Upinzani huo wa mwendo ndio msuguano, na upotevu wa chuma kinachokatika kidogo kidogo ndio uchakavu. Nguvu inayoliwa na msuguano hugeuka joto, na nguvu hiyo ilinunuliwa kwa dizeli.

Kilainishi ni kitu kinachoingizwa kati ya nyuso hizo ili zisigusane. Namna kinavyofanya kazi hiyo ilianza kueleweka vizuri mwaka 1883, pale mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alipokuwa akipima beringi za ekseli za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi, na ekseli ilipozunguka, oili ikapanda na kumwagika kupitia tundu hilo. Aliliziba, lakini kizibo kikasukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza sababu yake kwa hesabu: shafti inayozunguka huivuta oili na kuiingiza kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na humo oili hupata shinikizo la kutosha kuinua mzigo. Hivyo krenki shafti ya trekta iliyo kazini hailalii chuma. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele.

Utando huo una masharti. Unahitaji oili ifike bila kukatika, na unahitaji mwendo wa kuivuta oili ndani. Injini iliyolala usiku kucha haina mwendo, na oili yake nyingi imeteremka kwenye bakuli lililo chini. Kwa hiyo dakika ya kuwasha ni dakika ya hatari, na dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu mara tu injini inapowaka huvilazimisha vyuma kubeba mzigo kabla ya pampu kufikisha oili juu. Vilevile ziko sehemu zisizopata utando huu kamwe, kama pini za mikono inayonyanyua plau. Hizo huyumba mbele na nyuma bila kukamilisha mzunguko. Kinga yake ni kilainishi kinachong'ang'ania mahali pake hata mwendo ukikosekana.

Sharti la tatu ni mnato, yaani kiasi ambacho oili hupinga kutiririka. Oili nyepesi mno hukamuliwa na mzigo mpaka vilele vikakutana. Oili nzito mno huchelewa kufika, hula nguvu ya injini na kuongeza joto. Namba zilizoandikwa kwenye dumu hupima jambo hilo. Katika oili ya injini ya 15W-40, namba ya kwanza inahusu tabia yake kwenye baridi, na 40 inahusu mnato wake injini inapokuwa imechemka. Oili za gia zina kipimo chake, kwa hiyo gia 90 si nzito mara mbili ya injini 40. Kwa kweli minato yake inakaribiana. Kinachozitofautisha zaidi ni viambato vilivyochanganywa ndani. Trekta nyingi hutumia oili moja kwa giaboksi, haidroliki na breki zilizozamishwa ndani ya oili, na breki hizo huharibika zikiwekewa oili ya gia ya kawaida. Mwamuzi hapa ni kitabu cha mtengenezaji, wala si rangi ya oili au bei yake.

Grisi si oili iliyoganda. Ni oili iliyoshikwa ndani ya kizito, mara nyingi aina ya sabuni ya lithiamu au kalsiamu, kama maji yanavyoshikwa na sifongo. Sehemu kubwa ya grisi ni oili, na oili hiyo ndiyo inayolainisha inapojitoa kidogo kidogo. Ugumu wa grisi hupimwa kwa namba za NLGI, na kazi nyingi za shamba huhitaji namba 2. Kwa kuwa hubaki pale ilipowekwa, grisi hufaa sehemu zisizo na bakuli la oili, kama vile beringi za sahani za haro, misalaba ya shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye zana) na bushi za ekseli ya mbele. Lakini vizito vya aina tofauti havipatani kila mara. Grisi mbili zilizo imara zikichanganywa zinaweza kulegea na kuvuja. Anayebadili aina ya grisi aisukume ya zamani mpaka itoke yote.

Ndani ya injini, oili hufanya kazi nyingine tatu zaidi ya kulainisha: huondoa joto mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, huzuia kutu, na hubeba uchafu. Kazi hii ya mwisho huwachanganya wengi. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi saa chache tu baada ya kubadilishwa, na mwenye trekta hudhani ameuziwa oili mbovu. Weusi huo ni masizi yaliyoshikwa na viambato vya oili ili yasigande kwenye pistoni. Peke yake si dalili ya ubovu. Dalili za kuogopwa ni nyingine: oili iliyogeuka rangi ya maziwa, ambayo imeingiwa na maji, oili inayonukia dizeli na kuwa nyepesi, au oili inayokwaruza ikisuguliwa kati ya vidole.

Hapo tunafika kwa maadui wa utando, na wa kwanza ni vumbi. Katika mashamba makubwa ya mahindi ya Kiteto au Kongwa nchini Tanzania, haro hufanya kazi ndani ya wingu la udongo mkavu. Udongo huo una chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko vyuma vingi vya mashine. Chembe ikiingia kwenye beringi, grisi huacha kuwa kinga na kuwa kibebaji cha msasa. Ndiyo maana nipeli, yaani kichuchu cha kuingizia grisi, hufutwa kwa kitambaa kabla ya pampu kuunganishwa. Asiyeifuta husukuma uchafu ndani kwa shinikizo kubwa, na ndoo ya grisi iliyoachwa wazi humfikisha palepale. Pawatila (trekta ndogo za magurudumu mawili) na trekta nyingi za zamani zina chujio la hewa lenye bakuli la oili, ambalo kazi yake ni kunasa vumbi lisifike kwenye silinda. Bakuli hilo likijaa tope, vumbi hupita.

Adui wa pili ni maji. Katika majaruba ya mpunga ya Mbarali na Kilombero, pawatila huvuruga tope huku ekseli zake zikiwa zimezama. Kinachoyazuia maji ni sili, yaani pete ya mpira inayoikumbatia shafti. Nyasi au uzi uliojizungusha kwenye ekseli huikata sili hiyo taratibu, kisha maji huingia kwenye giaboksi. Maji hayawezi kubeba mzigo kama oili, na huleta kutu kwenye meno ya gia mtambo unapopumzika. Hivyo kwenye mpunga, kukata nyasi zilizonasa kwenye ekseli kila jioni ni sehemu ya kazi ya kulainisha, japo hakuna tone la oili lililotumika.

Sasa tuje kwenye kiasi. Kanuni ya kwamba grisi nyingi ni bora ni kweli kwa sehemu fulani na si kweli kwa nyingine. Kwenye pini na bushi zinazokwenda polepole, grisi husukumwa mpaka ile safi ionekane ikitoka pembeni, kwa sababu ile ya zamani huondoka na uchafu. Kwenye beringi iliyofungwa inayozunguka kwa kasi, kama ya mashine ya kusaga au ya kupukuchua mahindi, nafasi iliyo wazi hujazwa takriban theluthi moja hadi nusu tu. Ikijazwa yote, grisi hukorogwa bila pa kwenda, hupata moto, na huweza kuisukuma sili itoke. Fundi anayeongeza grisi kwa sababu beringi ina moto huenda anaongeza chanzo cha moto wenyewe.

Pia zipo sehemu ambazo oili ni sumu kwake. Mikanda inayopeleka nguvu kutoka injini ya pawatila kwenda giaboksi hufanya kazi kwa kushikilia puli. Ikilowa oili, huteleza na kuungua. Klachi kavu na breki kavu nazo hutegemea msuguano. Msuguano, basi, si adui kila mahali. Kulainisha ni kuuondoa pale unapoharibu na kuulinda pale unapofanya kazi.

Suala la wakati limebaki, na hapa historia inasaidia. Elijah McCoy, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa Marekani na kukimbilia Kanada, alisomea uhandisi Uskoti, kisha akafanya kazi ya kuchochea moto na kutia oili kwenye garimoshi huko Michigan. Wakati ule mashine zilisimamishwa mara kwa mara ili zitiwe oili kwa mkono. Mwaka 1872 alipata hataza ya kifaa cha kuitia oili injini ya mvuke ikiwa kazini. Injini ya trekta ya leo nayo hujilainisha yenyewe kwa pampu yake. Lakini haro, plau na shafti ya PTO vimebaki katika hali ya kabla ya McCoy: bila mkono wa mtu na mashine iliyosimama, hakuna grisi inayoingia. Na kusimama kunahesabiwa kwa saa za kazi, si kwa miezi. Nipeli nyingi hudai grisi kila baada ya saa 8 hadi 10, na trekta nyingi hudai oili mpya ya injini karibu kila saa 250, kama mita ya saa inavyoonyesha. Trekta moja inaweza kufikisha saa hizo ndani ya msimu mmoja, na nyingine isizifikishe kwa mwaka mzima.

Swali linalofuata ni nani anayelipia kusimama huko. Mvua zikishaanza, wakulima hupanga foleni ya kulimiwa. Huduma hutozwa kwa ekari, na madereva wengi nao hulipwa kwa kufuata ekari walizolima. Dakika 20 za kupiga grisi asubuhi ni sehemu ya ekari aliyoikosa dereva. Beringi itakayokufa baada ya wiki tatu ni hasara ya mwenye trekta, na siku za kungoja kipuri ni hasara ya mkulima ambaye udongo wake unakauka. Gharama ya uzembe haimwangukii yule anayeshika pampu ya grisi. Dereva huyo anaweza kuwa mwelewa wa kila tulichoeleza, na bado akaliruka zoezi hilo kwa hesabu iliyo sahihi kwake.

Kwa hiyo ushauri wa kuwaelimisha madereva peke yake haufiki kwenye kiini. Elimu inahitajika, nasi tumejaribu kuieleza hapa. Lakini utando wa oili hudumu pale ambapo muda wa kuutunza una malipo. Mwenye trekta ailipe asubuhi ya grisi kama anavyoilipa ekari. Aweke daftari linaloandikwa saa za mita, nipeli zilizopigwa na oili iliyobadilishwa, na alisome kabla ya kutoa malipo ya wiki. Vikundi vya wakulima vinavyomiliki mashine kwa pamoja vina haja kubwa zaidi ya utaratibu huu, maana mali ya wengi huchakaa haraka pale ambapo hakuna aliyeandikwa jina. Grisi ni ya bei ndogo kuliko beringi, na beringi ni ya bei ndogo kuliko msimu uliopotea. Anayeitunza ya kwanza apate chake siku hiyohiyo.